Ssese kwa laki nne, watu wawili, siku sita: inawezekana ama najidanganya?

mwalimu_wa_njeru aliandika:

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Njeru, ng'ambo tu ya daraja la Jinja. Mwezi ujao napokea mgeni, jamaa tuliyesoma naye chuo, Mmombasa wa kuzaliwa, na huyu bwana miaka yote amenitesa na visiwa vyake, leo Lamu kesho Wasini, eti sisi wa Uganda tunajua matoke na boda boda basi. Nikamwambia njoo, tuko na visiwa 84 pale Ssese, Ziwa Victoria, peke yake. Alichonijibu: "Kisiwa cha ziwani si kisiwa, hiyo ni shamba iliyozingirwa na maji ya kunywa." Sasa mnaelewa hii safari si matembezi tena, ni heshima ya nchi.

Shida ni pesa. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Nimepiga hesabu tunaweza kutoa laki nne za Uganda kwa sisi wote wawili, siku sita, nauli kulala na kula humo humo. Nilitaka tuone visiwa angalau vitatu, sio kufika kimoja na kukaa ufukweni kama mapadri wa likizo. Nimeulizia ulizia kwenye simu, mtu mmoja wa mashua kaniambia atatuzungusha visiwa viwili kwa laki tatu na nusu, siku moja!! Halafu hoteli moja ya ufukweni usiku mmoja kwa watu wawili ni laki na themanini. Kwa hesabu hiyo tutafika, tutapiga picha moja, na tutarudi kwa kuogelea.

Mlioenda mkiwa na mfuko mwembamba mlifanyaje? Naomba ya ukweli, si ya matangazo.

mukene_mkavu alijibu:

Mwalimu karibu. Mimi nanunua mukene (dagaa) visiwani nauza Masaka na Kampala, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo nazunguka huko kila wiki na sijawahi kukodi mashua hata siku moja. Kosa lako la kwanza ni hapo. Mashua ya kukodi unalipa petroli ya kwenda na ya kurudi, injini, nahodha na msaidizi wake, yote wewe peke yako, ndo maana laki tatu na nusu, hata hakukuibia sana kusema kweli. Mashua ya abiria inayokwenda kila siku na mizigo, soda, mkate, saruji, mbuzi, hiyo petroli mnagawana watu ishirini na mbuzi pia analipa.

Sasa sikiliza njia. Watu wa Kampala wengi wanakwenda na kurudi kwa njia moja, hapo wanakosa. Fanya mzunguko. Ingia kwa Masaka, toka kwa Entebbe. Kutoka Jinja panda taksi (matatu) mpaka Kampala, ya pili mpaka Masaka, pale stendi uliza taksi za Bukakata, barabara siku hizi ni lami, si ile ya zamani ya kumeza vumbi. Bukakata kuna feri inavuka mpaka Luuku upande wa kisiwa cha Bugala, kile kikubwa cha Ssese, kama nusu saa hivi, na ni BURE. Mtu bure, gari bure, baiskeli bure. Wageni wengi hawaamini, wanatoa pesa mfukoni wanatafuta pa kulipa. Kuna hata taksi zinatoka Masaka zinapanda feri zenyewe na abiria ndani zinakuteremsha Kalangala mjini, ukiipata hiyo chukua, maana kutoka Luuku mpaka Kalangala ni zaidi ya kilomita 30 na bodaboda wa Luuku akiona begi la mgongoni na kofia anakupa bei ya balozi.

Usichelewe lakini. Feri hailali na wewe. Ukifika Bukakata jioni imeshafunga unalala kwa bei ya mtu asiye na njia nyingine. Mimi nasema uwe Masaka kabla ya saa sita mchana, Jumapili ongeza uangalifu, safari huwa ni chache.

Kulala: usilale Lutoboka ufukweni. Lala Kalangala mjini, juu ya kilima. Kuna nyumba za wageni za watu wa kawaida, madereva, wafanyabiashara, maafisa wa kilimo wanaokuja mambo ya michikichi, chumba safi neti ndoo ya maji moto asubuhi kwa sehemu ndogo ya hiyo laki na themanini yako. Kutoka mjini mpaka ufukweni unateremka kwa miguu katikati ya msitu, mbega na tumbili wako juu ya miti wanakuangalia bure. Kupanda kurudi ndo utalia kidogo lakini hiyo utailipia kwa jasho tu.

Kuzunguka visiwa vingine: shuka Mwena asubuhi mapema, huo ndio mwalo mkubwa wa Kalangala, uliza mashua ya Bubembe, ya Bufumira, ya Bukasa. Usiulize "bei gani kunipeleka", ukisema hivyo umeshakodi. Uliza "leo mashua ya abiria inaondoka saa ngapi". Maneno saba hayo yanakuokolea laki mbili. Na siku ya gulio kwenye kisiwa ndiyo siku ya kwenda maana mashua ni nyingi na zinarudi siku hiyo hiyo, siku nyingine unaweza kwenda vizuri halafu ukakaa huko siku mbili unahesabu kunguru.

Kwa siku sita mimi ningeona visiwa viwili tu mwalimu. Pesa ya visiwani haiendi kwenye chakula, inaendaga kwenye haraka. Mwenye haraka ndo anakodi.

kaka_wa_bwaise alijibu:

"Mbuzi pia analipa" hahahaha. Mwalimu usimwambie mgeni wako kwamba feri ni bure, mwambie wewe ndo umemlipia.

Afande_Mstaafu alijibu:

Ndugu mwalimu, salamu kutoka Bombo. Mukene amesema vizuri lakini nataka kumpinga kwa jambo moja, na nalisema kwa sababu nimewahi kufanya kazi kwenye ziwa hilo na nimeona maiti.

Mashua za mbao si mchezo. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe, MV Templar, ilizama karibu na Mpatta, Mukono, haina leseni, watu zaidi ya 30 walikufa wakiwa wanasikia muziki, na ufuko ulikuwa unaonekana kwa macho. Agosti 2023 mashua iliyotoka Lwanabatya kisiwani ikija Kasenyi ilizama alfajiri, watu 20 walikufa, polisi walisema ni mzigo mwingi na hali mbaya ya hewa: makaa, chakula, mukene. Na Mukene wetu hapa anasema mbuzi analipa. Mbuzi ana uzito pia.

Kwa hiyo: nunua laifu jaketi yako mwenyewe, usitegemee ya mashua. Za mashua nyingine zimelaliwa na mafuta mpaka povu la ndani limekufa, ukiingia majini nayo inakuvuta chini. Ukipata mbili nzuri kwa ndugu ama kwa watu wa kanisa azima, safari ya siku sita hamna haja ya kununua. Iwe imefungwa mwilini, si imekaliwa kama mto. Na tafadhali mtu asije hapa na hadithi ya kushika jerikeni tupu, jerikeni inateleza, wimbi la kwanza limekunyang'anya.

Hewa: Ziwa hili linapiga radi usiku na alfajiri zaidi kuliko mchana, kila mtu aliyelala Entebbe anajua mvua za asubuhi pale. Ukiamka ukaona upande wa ziwa mweusi, usipande, hata kama nahodha anasema ni kawaida. Yeye kazi yake ni kusema ni kawaida. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini unakuwa mkali, mawimbi makubwa, hasa ukitoka kwenye vivuli vya visiwa. Saa ya kupanda uangalie kitu kimoja: ubao wa pembeni umebaki juu ya maji kiasi gani. Kama unaweza kuosha mikono bila kuinama, shuka. Umelipa? Shuka tu, hiyo nauli umenunulia uhai.

Kurudi pandeni meli, MV Kalangala, ya Lutoboka mpaka Nakiwogo, Entebbe. Ni ya chuma, inabeba magari, watu wanapewa tiketi na wanahesabiwa. Inatoka Lutoboka saa mbili asubuhi, mwendo wa masaa matatu na nusu hivi. Kutoka Nakiwogo inageuza saa nane mchana. Lakini nayo ni mashine, kuna nyakati inapelekwa matengenezo, kwa hiyo uliza kabla ya siku yenyewe na usiache kurudi kuwa siku ya mwisho ya ruhusa yako.

mukene_mkavu alijibu:

Afande nakubali, sikubishii maiti. Mimi mwenyewe ninayo jaketi yangu ya rangi ya chungwa, wananiita trafiki. Nilisahau kuandika kwa sababu kwangu ni kama viatu.

Nauli ya meli, kwa miaka mingi ilikuwa elfu 10 daraja la pili na elfu 14 la kwanza, mwalimu ukifika uliza ya leo. La pili linatosha kabisa, tofauti ni kiti, na hata hivyo utakaa nje unaangalia maji. Fika mapema tu, Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi ni vita, Pasaka na Idi usijaribu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku alijibu:

Mimi naongelea mnayosahau nyote: KICHOCHO. Mwalimu mgeni wako amezoea bahari, ataona maji safi ufuko mweupe ataruka ndani. Ziwa Victoria lina kichocho, maji ya chumvi ya pwani hayana, hilo mueleze kabla hajavua shati. Wadudu wanatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete, wanaingia kwenye ngozi tu, huhitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda. Kwa hiyo matete kwaheri, mahali watu wanafulia na kuoshea vyombo kwaheri. Kujifuta na taulo haraka kunasaidia kidogo lakini usilale usingizi juu ya taulo.

Dawa ipo, prazikwanteli, rahisi, vituo vya afya wanayo. Lakini watu wanakosea hapa: wanarudi Jumatatu wanameza Jumanne. Dawa hiyo inaua minyoo mikubwa, ile michanga haiipati vizuri, kwa hiyo unangoja wiki sita mpaka nane baada ya kuoga ziwani ndo unapima na kumeza. Andika kwenye kalenda ya simu maana utasahau, ninyi walimu mnasahaugi kila kitu isipokuwa deni.

Na malaria visiwani ni nyingi, neti ikiwa na tundu funga fundo kwenye tundu, usione aibu. Maji ya kunywa chemsha ama nunua, ziwa si kisima. Beba chumvi ya kuongeza maji mwilini pakiti tatu nne, ni bei ya pipi, na kule kisiwa kidogo duka la dawa linaweza kuwa ni boksi moja la panado na bia.

mama_shaban_masaka alijibu:

Haya wanaume mmeongea mashua na vifo, na chakula je? Mwalimu mwanangu, laki nne inatosha na itabaki kama utajua kula. Masaka nunua kabla ya kuvuka: mkate, sukari, majani, nyanya, vitunguu, chumvi, ndizi. Kisiwani kila kitu isipokuwa samaki kimepanda mashua, na kila kilichopanda mashua bei yake imepanda pia. Samaki ndo kinyume. Pale mwaloni asubuhi unanunua engege (sato) mbichi, unampelekea mama mwenye kibanda cha chakula unamwambia nipikie, unamlipa kupika na posho (ugali) pembeni, watu wawili mnashiba mpaka mnalala mezani. Ukikaa hoteli ya ufukweni samaki huyo huyo anavaa limau na bei ya Kampala.

Asubuhi kula rolex mjini kabla ya kutoka. Mgeni wa Mombasa mpe ya mayai mawili, atakwambia ni chapati ya mayai tu, mwache, ya pili ataomba mwenyewe.

Jambo lingine, sisi Waislamu tunaokwenda huko tunapata msikiti Kalangala mjini, kwa hiyo Ijumaa mtu asione taabu. Na wenyeji wanaheshimu sana Bubembe, kwa Baganda ndiko makao ya Mukasa wa ziwa, Ssese yote tangu zamani wanaiona ni visiwa vya miungu. Ukifika masaboni, kwenye vibanda vya ibada, uliza kwanza, vua viatu ukiambiwa, na simu weka mfukoni. Watu wanaenda pale kuomba watoto, si kupigwa picha.

Na pesa beba taslimu ndogo ndogo, elfu moja moja, elfu mbili mbili. Wakala wa mobail mani wapo lakini nimeshakuta "floti imeisha" mara nyingi, na mtu wa mashua hana chenji ya elfu hamsini hata umwimbie.

Kijana_wa_Kagera alijibu:

Majirani salama? Niko Bukoba. Mwalimu kama huyo rafiki yako ana pasi ya kusafiria, siku sita zako zifanye kumi mje na huku. Toka Masaka shuka Mutukula, vuka, Bukoba karibu. Bukoba panda meli ya Victoria kwenda Mwanza, ilikarabatiwa ikarudi majini 2020, inasafiri usiku kwa usiku, kwa hiyo tiketi ni nauli na kitanda kwa pamoja, hoteli ya usiku huo umeiruka. Uliza siku zake tu maana haiendi kila siku. Mwanza kuna vivuko vya Nansio, Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, baiskeli za kukodi, mihogo, machungwa, hakuna wazungu, hakuna bei ya wazungu. Na kurudi bara si lazima kwa njia ile ile, unatokea Rugezi unavuka kipande kifupi mpaka Kisorya, halafu basi za Bunda.

Lakini angalizo: nyie na Kenya mnapitishana na kitambulisho cha taifa, huku kwetu kitambulisho hakitoshi, pasi au hati ya muda. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mbebe, mpakani wanaiuliza.

kaka_wa_bwaise alijibu:

Mwalimu kaomba laki nne siku sita, Kagera anampeleka Mwanza. Mngojee mwingine aseme Zanzibar.

Lakini serious mi nauliza, kama yuko Njeru kwa nini aende mpaka Masaka? Buvuma si iko mlangoni kwake? Apite Nyenga ashuke Kiyindi, feri ya serikali ya Buvuma pale nayo ni bure. Asubuhi yuko nyumbani mchana yuko kisiwani.

mukene_mkavu alijibu:

Kaka umenifikia hapo. Kiyindi ni kweli, na kwa mtu wa Jinja ndo rahisi kuliko zote. Ila Buvuma si ya utalii, hakuna mtu amekaa kukungojea, nyumba za wageni chache, hakuna ufuko wa kuonyesha Mmombasa. Kwa mtu anayependa kutembea kwenye misitu na vijiji vya wavuvi ni nzuri sana. Kwa mtu anayekuja kushindana na Lamu, hapana. Mwalimu kama una wikendi kabla mgeni hajafika nenda Buvuma peke yako kama mazoezi, ujue kama tumbo lako linastahimili mawimbi.

Kasenyi sikuiongelea kwa makusudi. Ndo mwalo wa Entebbe wa mashua za Bukasa, Banda, Koome na huko, unaingilia Abayita Ababiri. Ukipita pale ujue kitu kimoja: mashua haifiki nchi kavu, vijana wanakubeba mgongoni mpaka ndani ya mashua na wanakubeba tena ukishuka, wanadai pesa yao, na bei inapanda ukiwa tayari juu ya mgongo katikati ya maji. Patana ukiwa umesimama kwa miguu yako. Au vaa kaptura uingie mwenyewe, lakini nesi atakupigia kelele.

Nesi_Zamu_ya_Usiku alijibu:

Nitapiga. Kasenyi apande mgongo, alipe.

mwalimu_wa_njeru alijibu:

Eh banange, nimeshukuru mpaka nimechukua kalamu. Nimeamua hivi: kuingia Masaka na Bukakata, tulale mjini Kalangala, Mwena siku ya gulio twende Bubembe na kurudi, halafu meli mpaka Nakiwogo. Visiwa viwili. Cha tatu nitamwonyesha kwa kidole tukiwa kwenye meli.

Swali mbili za haraka. Kwanza sokwe wa Ngamba, mgeni ameona picha anataka. Pili, naweza kuleta samaki nyumbani? Mke wangu ameshaagiza mputa (sangara) na amesema nisirudi mikono mitupu.

Afande_Mstaafu alijibu:

Ngamba ni mahali pazuri, kituo cha sokwe yatima tangu 1998, wako kama hamsini, lakini bei ni ya watalii na usafiri wa kufika ni mashua ya kuandaa, hiyo bajeti yako ataimaliza sokwe mmoja kabla ya chai. Mkishuka Nakiwogo mko Entebbe tayari, mpeleke zuu ya Entebbe, sokwe wapo pale na unafika kwa boda.

Samaki ndio usikilize vizuri. Kuna wanajeshi wa kulinda uvuvi tangu 2017 na wanapima. Mputa chini ya inchi 20 na engege chini ya inchi 11 ni makosa, hata kama umenunua kwa uaminifu, hata kama ni wa mke. Watu wa matembezi wanauziwa samaki mchanga kwa bei nzuri wanafurahi, halafu mwaloni wanaachwa wanalia. Beba futi ya fundi cherehani, ile ya kukunja, pima mbele ya muuzaji. Akikasirika umejua jibu.

mama_shaban_masaka alijibu:

Na amnunue siku ya kurudi asubuhi, si siku ya kwanza! Mwambie muuzaji amtoe matumbo amtie chumvi ama akaukwe moshi kidogo, halafu kaveera (mifuko ya plastiki) mbili na gazeti katikati. Usimweke juu ya taksi karibu na dirisha, abiria watakulaani mpaka Jinja.

mwalimu_wa_njeru alijibu (wiki tano baadaye):

Wakubwa nimerudi kutoa ripoti, samahani kwa kuchelewa, ilikuwa msimu wa mitihani.

Tulitumia laki tatu na themanini na mbili, nimeandika mpaka karanga. Tulikaa siku saba badala ya sita kwa sababu siku ya Bubembe asubuhi kulikuwa na wingu jeusi upande wa kusini na mimi nikakataa kupanda. Nahodha akaniambia ni kawaida. Nikamkumbuka afande nikacheka peke yangu. Tukaenda kesho yake, gulio lilikuwa limeisha, mashua ya kurudi tukaingoja mpaka saa kumi tumekaa chini ya mwembe na mzee mmoja anayeshona nyavu, na nikwambieni ukweli, hiyo ndiyo siku mgeni wangu anayoisimulia sasa huko Mombasa, si ufuko. Mzee alimfundisha fundo la wavu, naye akamfundisha mzee fundo la jahazi, mimi nikawa mkalimani, Luganda na Kiswahili, masaa matatu, bila shilingi.

Feri ya Bukakata alitafuta pa kulipa kama mlivyosema. Nilimwambia nimeshalipa.

Tulivuka ikweta mara mbili, kwenda tukaipita Kayabwe barabarani, kurudi tukaipita majini kati ya Lutoboka na Entebbe, na hakuna mtu pale ziwani wa kukuuzia picha. Nilimwonyesha kwenye simu namba zinageuka kutoka kusini kuwa kaskazini. Alinyamaza kidogo. Halafu akachota maji na chupa akaonja kabla sijamzuia, akasema "hakuna chumvi hata chembe, si nilikwambia." Nesi, nimemwandikia kalenda ya wiki nane kwa kichocho na nyingine ya tumbo.

Mputa alipimwa Nakiwogo. Askari alitoa kipimo chake, mimi nikatoa futi yangu ya fundi, zikakubaliana inchi 22. Akaniuliza wewe ni fundi cherehani? Nikamwambia hapana, ni mwalimu. Akasema ndo maana.

Sasa mgeni anataka mwakani twende Ukerewe. Kijana wa Kagera upo?

Kijana_wa_Kagera alijibu:

Nipo mwalimu. Pasi kwanza.